Halua ya Maskati: Je, Mgeni Aweza Kukataa Chakula?



Mara nyingi tumefundishwa, kanisani na majumbani, juu ya wajibu wa mwenye nyumba: ampokee mgeni, ampe maji na kiti, amchinjie kuku hata kama ndiye huyo mmoja aliyebaki. Juu ya wajibu wa mgeni tumesikia machache. Mgeni akiandaliwa chakula asichokijua, au anachokijua lakini moyo wake haukitaki, yampasa afanyeje? Je, ni lazima ale? Na akikataa, amekataa chakula, au amemkataa mtu aliyekipika?

Swali hili hatukulitafuta. Lilitukuta tumeketi juu ya zulia mjini Maskati, mbele ya sahani ya halua, na tangu turudi Tabora halijatuacha. Twaliandika hapa tukitumaini kwamba wako wasomaji watakaoliona vizuri zaidi kuliko sisi.

Binti yetu yuko Omani kikazi, huu mwaka wa nne. Mwaka jana alitutumia nauli tukamtembelee, pamoja na mwanawe wa miaka tisa ambaye twamlea sisi hapa nyumbani. Sisi wawili, mume na mke, ni walimu wastaafu. Tulikutana chuo cha ualimu, tukafundisha shule za msingi za mkoa huu kwa miaka zaidi ya thelathini, na katika muda huo wote hatukupata kula chakula nje ya nchi ila arusini Bujumbura, siku mbili tu. Basi tulikwenda kwa hamu, na si vibaya kukiri kwamba sehemu kubwa ya hamu hiyo ilikuwa tumboni.

Kabla ya kuondoka tuliagana na mama. (Ni mama mzazi wa mmoja wetu na mkwe wa mwingine, lakini sote twamwita mama.) Ana miaka tisini na kitu, macho yamefifia, ila masikio bado yanasikia hata yale tusiyotaka asikie. Aliposikia jina la Omani alinyamaza. Jioni akamwita kitukuu wake karibu na kitanda, akamshika mkono, akamwambia: ukifika huko, mtu asiyekuzaa akikupa tende au halua, usipokee, ndivyo walivyokamatwa watoto.

Tulicheka kidogo, kama watu wazima wanavyocheka maneno ya wazee. Hatukupaswa kucheka. Bibi yake mama, yule aliyemlea, aliletwa Tabora akiwa msichana mdogo kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alikuja kwa miguu katika msafara. Aliishi katika nyumba ya watu ambao hawakuwa ndugu zake, akalima, akatwanga, akazaa humo, na alikuwa mtu mzima kabisa ilipotoka sheria ya mwaka 1922 iliyokomesha utumwa katika Tanganyika. Jina alilopewa na wazazi wake hatulijui. Mama naye halijui.

Hadithi ya tende na halua imesimuliwa sana pwani na Unguja, na kwa njia ya misafara ilifika hata huku bara. Sisi tuliofundisha historia twajua kwamba wengi hawakukamatwa kwa utamu. Walitekwa vitani, kwa bunduki na usiku. Wengine waliwekwa rehani na jamaa zao wenyewe wakati wa njaa, mtoto akabadilishwa kwa nafaka ili wanaobaki wapate kuishi. Lakini mzee anaposema "halua" hatoi somo la historia. Anasema kwamba palikuwa na mkono ulionyoshwa kwa wema, na nyuma yake palikuwa na kamba. Hilo ni kweli, hata kama halua yenyewe haikuwepo.

Basi tulisafiri. Kutoka Tabora tulipanda treni ya reli ya kati, ile iliyofika mjini kwetu mwaka 1912, nayo kwa sehemu kubwa inafuata njia ya misafara. Mjukuu wetu alikaa dirishani akiuliza wapagazi walilala wapi. Tulimweleza kwamba kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji ni kilomita 1,200 hivi, na kwamba Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakafika Kaze, ndani ya Tabora ya leo, mwezi Novemba. Tulimweleza pia kwamba wapagazi wengi wa Kinyamwezi hawakuwa watumwa. Walikuwa watu huru waliofanya kazi ya mshahara, na posho yao ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Akauliza kama kibaba kinatosha. Tulimwambia ajaribu. Kutoka Dar es Salaam tulipanda ndege, na baada ya saa tano na ushei tulikuwa Maskati.

Siku za kwanza zilikuwa za kuonja. Mtoto hakuogopa chochote. Alikunywa maziwa ya mgando yenye chumvi, akala mkate mwembamba kama karatasi uliopakwa asali na jibini, akala nyama iliyofukiwa shimoni na makaa mpaka ikaachana na mfupa yenyewe. Kila jioni alitaka chai ya maziwa yenye iliki inayouzwa barabarani. Sisi wazee tulikwenda polepole zaidi. Papa mkavu aliyepondwa alitushinda, ingawa sisi ni watu wa dagaa na migebuka ya Kigoma na hatukujiona kuwa wadhaifu mbele ya samaki. Lakini mara nyingi tulishangaa kwa sababu tofauti: hatukuwa ugenini. Mishkaki inaitwa mishkaki. Mandazi ni mandazi. Dukani mama mmoja wa Kiarabu alimkaripia mwanawe kwa Kiswahili safi, na sisi tukageuka kama vile tumekaripiwa sisi.

Ni siku ya kumi hivi binti yetu alipotuambia kwamba jirani yake, mzee aliyezaliwa Tabora, ametualika.

Alikuwa anatungoja mlangoni, mzee wa miaka kama themanini, kanzu nyeupe, kofia iliyofumwa. Ilikuwa jioni, lakini alitupokea kwa "Mwangaluka!", maana ndiyo salamu ya Kinyamwezi iliyobaki kinywani mwake, na saa ya kuitumia amekwisha isahau. Aliondoka Tabora mwaka 1974. Kabla hatujakaa aliuliza kama miembe ya Gongoni ipo bado, kama mvua za mwaka jana zilikuwa nzuri, kama treni inapiga honi vile vile usiku. Tulijibu tulivyoweza. Alikuwa akitutazama midomoni tunapozungumza, kama mtu anayekunywa.

Kisha vyakula vikaletwa. Kwanza tende. Halafu kahawa chungu katika vikombe vidogo visivyo na mkono, ambavyo mgeni akitosheka hukitikisa chake kidogo ili asimwagiwe tena. Halafu halua. Wale wasiopata kuiona, ni kitu cha wanga, sukari na samli, kilichotiwa iliki, zafarani na maji ya waridi, kikakorogwa muda mrefu katika sufuria kubwa ya shaba bila mkono kupumzika, mpaka kikawa chekundu-cheusi, laini, chenye kung'aa. Huliwa kwa vidole vya mkono wa kulia. Mzee alisema amesimama mwenyewe jikoni tangu mchana, kwa sababu wageni ni wa nyumbani.

Mmoja wetu alikuwa amekwisha chukua kipande. Mwingine alikuwa ananyosha mkono. Ndipo mjukuu wetu, kwa sauti ya mtoto aliyefundishwa kusema wazi darasani, akasema: "Babu, Bibi amesema tusile. Amesema ndiyo waliyokamatia watoto."

Wasomaji, mmepata kuona chumba kizima kikinyamaza. Binti yetu aliinamisha uso. Sisi wawili, kwa pamoja kabisa, tulifungua vinywa tuseme yale ambayo kila mtu mwenye adabu angeyasema: usijali mzee, ni maneno ya watoto. Twamshukuru Mungu kwamba hatukuwahi. Kama tungewahi, tungekuwa tumemchukua bibi yake mama, aliyetembea kutoka Manyema, tukamfanya kuwa kosa la adabu. Tungekuwa tumemtoa ili tuokoe jioni yetu.

Mtume Paulo anajulikana kwa wengi wetu juu ya jambo hili. Katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya nane na ya kumi, anazungumza na Wakristo waliokuwa wakialikwa na jirani wasioamini, na mezani palikuwa na nyama ambayo huenda ilitolewa kwa sanamu. Shauri lake lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kula kilichowekwa mbele yako bila kuulizauliza. Sehemu hii twaipenda; mmoja wetu amepata kuisomea hata mahubiri, siku alipoombwa kumsaidia mchungaji. Ya pili ni kwamba mtu akikuambia mezani chakula hiki kimetoka wapi, basi acha, kwa ajili ya huyo aliyekuambia. Na Paulo anaeleza kwamba dhamiri anayoisema si yako wewe mlaji, ni ya yule mwingine. Miaka mingi tuliisoma sehemu hiyo kama nyongeza. Jioni ile ilikuwa imekaa kati yetu, na umri wake ulikuwa miaka tisa.

Twajua mfano haulingani sawasawa. Halua ile haikutolewa kwa sanamu yoyote, ilitolewa kwetu. Na mezani palikuwa na dhamiri mbili za kutunzwa, ya mtoto na ya mwenyeji, nazo zilivuta kila moja upande wake. Paulo hakuandika afanyeje mtu akiwekwa katikati namna hiyo. Au ameandika, nasi hatujapaona.

Aliyetuokoa ni mzee mwenyewe. Alisema, "Mwache, Mwalimu. Mtoto amesema aliloambiwa na mkubwa wake." Akamgeukia mjukuu wetu. Tutaandika maneno yake kama tunavyoyakumbuka, kwa maana tuliyarudia usiku ule ili tusiyapoteze. Alisema: "Bibi yako hakusema uongo. Babu yangu, mzaa baba, alikuwa na watu pale Tabora. Sisemi wafanyakazi. Alikuwa na watu. Mimi niliwakuta watoto wao, tukicheza pamoja, na nilikuwa mkubwa ndipo nilipojiuliza kwa nini wao walikula uani na sisi tulikula barazani. Basi halua hii usile, kama Bibi amekukataza. Kaa hapa hapa karibu yangu. Kunywa maji. Ukitaka kuuliza, uliza."

Mtoto akauliza: "Walirudi kwao?"

Mzee akasema, "Hawakurudi."

Kisha akatutazama sisi, wala hakusema karibuni. Aliacha sahani pale ilipokuwa.

Yule mmoja wetu aliyekuwa na kipande mkononi alikila. Mwingine aliurudisha mkono mapajani, asile mpaka mwisho. Na mpaka leo, baada ya miezi mingi na mazungumzo mengi ya jioni, hatujakubaliana nani alifanya vyema.

Aliyekula husema hivi. Mtu amekaa mbele yako, ametamka habari ya aibu ya nyumba yake mbele ya mtoto mgeni, bila kulazimishwa na bila kujitetea. Tumtake nini tena? Nabii Ezekieli, sura ya kumi na nane, anakataa kabisa kwamba mwana abebe uovu wa baba yake; itakuwaje mjukuu abebeshwe wa babu, tena kwa njia ya sahani? Kumwachia halua yake baada ya maneno yale ni kumwambia kwamba ukweli wake umemwongezea adhabu. Watu wakiona hivyo, nani atasema kweli tena?

Asiyekula husema hivi. Sikumkasirikia mzee, na alijua sikumkasirikia. Lakini mtoto alikuwa akitazama mkono wangu. Tena, aliyetendwa si mimi. Ni bibi yake mama, naye amekufa bila jina lake. Nani alinipa ruhusa ya kumaliza habari yake mimi, barazani kwa watu, kwa kipande kitamu na kikombe cha kahawa? Danieli na wenzake walikataa chakula cha mfalme Babeli, wala hawakumtukana mfalme wala kutoroka mezani kwake. Waliomba mboga, wakakaa, wakafanya kazi. Kukataa kwa heshima kupo. Tumekusahau kwa sababu tumezoea kukataa kwa ugomvi.

Mhariri akipenda, atupe hukumu. Sisi twaona kila upande una jambo ambalo upande wa pili hauwezi kulijibu.

Jambo moja tunalokubaliana ni hili. Mama alimwonya mtoto juu ya chambo. Chambo ni chakula kinachotolewa ili usiweze kuondoka. Samaki hawezi kukionja kisha akasema ahsante, nimetosheka. Mzee wa Maskati alimpa mtoto ruhusa ya kukataa, na baada ya kukataa akamwacha aketi palepale, karibu, na haki ya kuuliza. Hatujui njia nyingine ya kutambua tofauti kati ya chambo na karamu, maana vyote viwili ni vitamu na vyote viwili huletwa kwa tabasamu. Na tukishaiona tofauti hiyo, twaiona hata hapa kwetu. Ziko nyumba za Kikristo Tabora ambamo binti wa kazi hulishwa vizuri na hana ruhusa ya kwenda kwao Krismasi. Tuzitazame hizo pia, tusiitazame Omani peke yake.

Habari za zamani zina ukatili wa ajabu katika jambo hili. Burton alipofika Kaze mwaka 1857 mwenyeji wake alikuwa Mwarabu mmoja, Snay bin Amir. Burton aliandika juu ya ukarimu wake mkubwa na elimu yake. Aliandika pia kwamba mtu huyo alianza maisha kama mpika vitu vitamu huko Maskati, na kwa muda wa miaka kumi na sita akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa pembe na watumwa. Mpika vitamu wa Maskati, mfanyabiashara ya watu Tabora! Mama hakusoma kitabu hicho, wala hasomi Kiingereza. Na mtu huyo, kwa ushuhuda wa mgeni wake, alikuwa mwenyeji mwema. Wema wa mezani haukumzuia kitu. Hili latuogopesha sisi tunaojisifu kwa ukarimu.

Wala tusiwaachie Waarabu mzigo wote. Watemi na matajiri wa Kinyamwezi nao walinunua watu, wakawalimisha mashamba huku vijana wao wakiwa safarini pwani. Wengi wetu tunaosali pamoja Jumapili ni wajukuu wa pande zote mbili, na mara nyingi mtu mmoja ni mjukuu wa pande zote mbili peke yake.

Tena, kama chakula kingebeba hatia ya njia iliyokileta, sisi wa Tabora tungelala njaa. Embe asili yake ni Bara Hindi. Miembe iliyosimama kando ya njia ya misafara ilipandwa na watu wale wale, na wafungwa walipumzika kivulini mwake kama waungwana walivyopumzika. Stanley alipofika Unyanyembe mwezi Juni 1871, Waarabu wa Tabora walimpelekea masinia ya wali, mchuzi wa kuku, mikate ya ngano, papai, komamanga na malimau. Ni karibu chakula chetu cha sikukuu, ukiondoa komamanga. Na papai hilo, na mahindi, mihogo, karanga na viazi vitamu, vyote asili yake ni Amerika; vilikuja Afrika nyakati zile zile merikebu zilipokuwa zikibeba watu kwenda upande wa pili. Mwalimu akimwambia mwanafunzi "chakula chetu cha asili", afikiri mara mbili. Sisi tulisema hivyo darasani miaka thelathini.

Lakini tusiende mbali na baraza lile, maana jioni haikuishia kwenye halua.

Tulikuwa tumemchukulia mzee zawadi: chupa mbili za asali ya Tabora, na mfuko wa matobolwa. Kwa wasomaji wa mbali, matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikauke. Watoto hutafuna kama peremende, nasi wazee huvilowesha. Tuliona haya kidogo kuutoa mfuko ule mbele ya vyombo vya fedha. Asali aliipokea kwa shukrani. Alipofungua mfuko akanusa, akachukua kipande kimoja, akakiweka mdomoni bila kukitafuna. Alikaa hivyo. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

Baadaye alisema kwamba nyumbani kwa babu yake chakula hicho hakikupikwa. Alikila uani, kwa yule mama aliyemlea, binti wa watu wale aliowataja. Ndiye aliyekuwa akimpa kwa siri, kwa sababu barazani kilihesabiwa kuwa chakula cha watumwa. Miaka hamsini alikuwa hajakionja. Alisema, "Nilidhani nimesahau jina lake." Hatukujua kama anasema jina la chakula, au la yule mama.

Wajukuu zake wawili, vijana waliovaa vizuri, waliletwa waonje. Walikitazama kile kipande cha kahawia, kigumu, chenye vumbi kidogo, kwa macho yale yale ambayo sisi tulimtazamia papa mkavu. Mmoja alionja akakirudisha kwa adabu kwenye kisahani. Mwingine alikataa kabisa. Mzee hakuwalazimisha. Mjukuu wetu ndiye aliyewaonyesha: unakiweka upande huu wa meno, unasubiri. Watatu wale walikaa wakisubiri, mashavu yamevimba, na hapo ndipo watu wote walipocheka kwa mara ya kwanza jioni ile.

Tulipoaga, mzee alituletea kopo la halua lenye kifuniko. Alisema, "Hili si lenu. Ni la Bibi. Mwambieni limetoka kwa nani, na babu yangu alikuwa nani. Msimfiche. Asipolitaka, alitupe."

Tulilibeba. Njiani tulijadiliana kama tulifiche mpaka apate nafuu ya kikohozi, kama tumwambie nusu, kama tumpe kwanza habari za miembe. Mwishowe tulimwambia yote, jioni ya pili baada ya kurudi, kitukuu wake akiwa ameketi pembeni akitusahihisha tulipokosea. Mama alisikiliza bila kukatiza. Aliuliza jina la babu wa yule mzee, tukamtajia. Akauliza yule mama wa uani aliitwa nani. Tulisema mzee hakulitaja. Alisema, "Mngemwuliza."

Kisha akaomba kisu. Aliikata halua yote vipande vidogo kwa mikono yake, akaagiza waitwe watoto wa jirani, wa Kikristo na wa Kiislamu, akawagawia mmoja mmoja mlangoni mpaka ikaisha. Kitukuu wake alipata kipande chake kama wengine. Alimtazama kwanza usoni, naye akatikisa kichwa kwamba ale. Yeye mwenyewe hakuonja, wala hakulamba vidole. Alinawa.

Kopo aliliosha, akalianika juani. Sasa ameweka ndani yake mbegu za karanga za msimu ujao, na juzi alituuliza ni lini tutaandika barua Maskati, kwa sababu bado anataka kulijua lile jina.